Shina Lililozikwa kwa Jina la Cornelius

Benchi la kumi na saba lilianza kunata wiki ya kwanza ya Machi, na hakukuwa na sisimizi hata mmoja.

Mtu ambaye hajaishi nchi ya miwa anaweza kuliona hilo jambo dogo. Lakini Kakamega ya mwaka huo wa 1986 ilikuwa inalala sukari, inaamka sukari, inakohoa sukari. Matrela yalimwaga miwa barabarani kutoka Matungu mpaka Butali, watoto walikwenda shule mashavu yamevimba kwa kutafuna, na ukidondosha tone la chai mezani, kabla hujapata kitambaa sisimizi wamekwisha kufika na kufungua kikao. Utamu ambao sisimizi wanaukataa ni utamu wa kuogopwa. Pascalia alilisugua benchi kwa Omo na brashi ya choo, akalimwagia ndoo mbili za maji, kisha akanusa vidole vyake. Molasi. Na chini ya molasi, panya aliyekufa nyuma ya kabati. Kesho yake asubuhi benchi lilikuwa linanata tena. Nzi wa kijani tu ndio waliokuja, na hata hao walitua, wakasita, wakaruka zao.

Mahali penyewe paliitwa Bustani ya Sukari. Kampuni moja ya miwa, katika ile miaka ambayo ilikuwa na kila kitu isipokuwa haya, ilitwaa ekari themanini ukingoni mwa mji ili wakubwa wake wapate pa kupigia picha. Likachimbwa ziwa, likatiwa mashua nne zenye majina ya wake za wakurugenzi. Ikawekwa treni ndogo ya kuzungusha watalii, injini yake ni ile ya zamani ya kuvutia miwa. Kima wakakamatwa msituni, wakafungwa kwenye vizimba mahali ambapo jioni waliwasikia ndugu zao wakiitana huko waliko huru. Kulikuwa na waridi kutoka Limuru, uwanja wa fahali wa kupigana walioletwa kutoka Malinya kila Jumapili, na katikati ya yote muwa wa saruji, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, ambao ukiutazama ukiwa barabarani ulifanana na kitu ambacho mtu mwenye adabu huwa anakifunika.

Pascalia ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni. Alikuwa na cheti cha Form Six chenye alama ambazo mtoto wa meneja hangezipata hata angeziiba. Kampuni ilimpa sare ya kijani, kofia, na ruhusa ya kuwaonyesha watu wa Nairobi mahali palipokuwa jiko la mamake. Kwa sababu ekari tatu za hiyo bustani, kuanzia ziwani mpaka kwenye migomba, zilikuwa shamba la babake, mzee Makhanu. "Ladies and gentlemen, mkono wa kushoto mnaona waridi." Mkono wa kushoto ndipo alipozaliwa.

Makaburi yalihamishwa. Kampuni ilikuwa na fomu ya makaburi, kama ilivyokuwa na fomu ya kila kitu, na Makhanu aliijaza: mkewe, mamake, watoto wawili waliokufa kwa surua. Mifupa ikatiwa masandukuni na kuzikwa upya ng'ambo ya barabara, kwenye kiploti chenye nyumba ya mabati. Kaburi moja tu hakuliandika.

Lilikuwa la Cornelius, kaka mkubwa wa Pascalia. Mwaka wa sabini na sita alivuka Busia kwenda Jinja kutafuta kazi ya kiwanda, na huko vita vikaja, vikapita, na hakurudi mtu wala barua. Mwaka wa themanini wazee wa ukoo walimwambia Makhanu kwamba mtu asiye na kaburi huzurura. Wakakata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, wakalivika shati lake alilolisahau nyumbani, wakaliita kwa jina lake mara tatu, wakalizika kama vile anavyozikwa aliyepotea. Hivyo watu wa kampuni walipokuja na fomu yao, Makhanu aliangalia kando. "Nitahamishaje mtu ambaye hayumo?" alisema. Bustani ikajengwa juu yake. Na pale pale, bila kujua, wakaweka benchi la kumi na saba.

Mwaka uliofuata, nyuma ya benchi, migomba saba ikachipuka. Hakuna aliyeipanda. Na shina lililokatwa, lisilo na mzizi, halichipui. Hata mtoto wa nasari anajua hilo.

*

"Pasca, kuja hapa kidogo," Chemutai alimwita kutoka kwenye kidirisha cha tikiti. Alikuwa msichana wa Kinandi mwenye mdomo mwepesi na moyo mgumu, asiyeogopa hata fahali aliyekata kamba. Siku hiyo alikuwa amekalia mikono yake.

"Nini?"

"Kuna mtu anatembeanga humu ndani. Bila tikiti."

"Si umfukuze? Anaingilia wapi?"

"Hapo ndio shida." Akashusha sauti. "Akiingia simuonangi. Namuonanga akitoka tu. Saa kumi na moja, kila siku tangu Jumatatu. Na anatoka na babako."

Pascalia akacheka kicheko kisicho na meno. "Wacha mchezo."

"Naapa. Wameshikana mikono kama watoto wa nasari. Jana amepita hapa, karibu hivi, dirisha lilikuwa wazi." Akafungua droo ya tikiti. Ilikuwa imeoshwa, lakini harufu ya matapishi bado ilikuwemo. "Nilitapika hapo, Pasca. Sikufika hata kwa mlango. Huyo mtu ananuka kama… unajua ile maji inabakinga kwa drum ya molasi, mbwa akizama ndani? Hiyo."

"Anafanana vipi?"

Chemutai akamtazama usoni. "Sura ni yako," akasema. "Lakini haina rangi."

Pascalia hakungoja saa ya kutoka. Alivuka barabara, akafika kwenye nyumba ya mabati, ambako hakuwa amekanyaga wiki hiyo kwa kulala mabweni ya wafanyakazi, jua likiwa bado juu ya miti, na kabla hajaushika mlango ile harufu ikatoka kumpokea.

Babake alikuwa amepika. Mzee Makhanu, ambaye tangu kufiwa na mke alikuwa akila viazi baridi akiwa amesimama, alikuwa amechinja kuku, ingokho ya mgeni, amesonga ugali wa obusuma, ametandika kitambaa. Nywele zake, zile nywele ndefu za mvi ambazo wembe haukuzigusa kwa miaka sita na zilizowafanya watoto wa jirani wamwite Rasta, alikuwa amezichana na kuzipaka mafuta. Alitabasamu. Pascalia hakuwa ameyaona meno ya babake tangu alipokuwa darasa la saba.

"Mukhana, binti yangu, umefika wakati mzuri," akasema. "Msalimie kakako."

Mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti cha mzee.

Uso ulikuwa wa Cornelius. Ulikuwa uso ule ule wa picha ya pasipoti iliyoning'inia ukutani, ile pekee waliyobaki nayo, wa kijivu kama picha, na hata ule mkunjo wa picha ulikuwepo, mstari mweupe ulioshuka kutoka jichoni mpaka kwenye taya pale karatasi ilipokunjwa mfukoni mwa Makhanu akizunguka nayo Busia kuwauliza madereva. Picha ilikuwa imeishia kifuani. Na hapo ndipo Pascalia alipoona kwamba huyo aliyeketi mbele yake naye alikuwa ameishia kifuani, kwamba chini ya kifungo cha pili cha shati hakukuwa na mtu, kulikuwa na maganda, maganda ya mgomba yaliyolala moja juu ya jingine, meupe, ya maji maji, yakipumua na kunywea, na kila yaliponywea yalitoa utomvu uliotiririka kwenye kiti na kuacha doa jeusi lisilotoka.

"Baba," kikasema kile kitu. Sauti ilikuwa ya matope yanapoachia gumboot. "Nimerudi."

"Umerudi, mwana wanje, mwanangu," Makhanu akasema. "Kula."

Akampa firigisi. Katika nyumba zote za huko firigisi ya kuku ni ya baba mwenye mji, hagusi mtu mwingine, na Pascalia, ambaye tangu utotoni alikuwa akimwandalia babake kuku na hakuwahi hata kuramba kijiko cha firigisi, akamwona mzee akiichukua kwa vidole vyake mwenyewe na kuiweka kinywani mwa kile kitu, na kile kitu hakikutafuna, kiliachama tu, firigisi ikaingia, ikashuka ndani ikigonga, dup, dup, dup, kama jiwe linaloshuka kisimani, kisha tonge la obusuma, kisha paja, mfupa na yote, kisha tonge tena, na baada ya muda tonge la kwanza likajitokeza kati ya maganda mawili pale ambapo mtu angekuwa na mbavu, jeupe, zima, limeshikwa na utelezi kama kamasi, likaning'inia hapo, na Makhanu akalirudisha ndani kwa kidole chake, taratibu, kwa upole, kama mama anavyomfuta mtoto mdomo.

Alipokitoa kidole, ukucha ulibaki ndani.

Hakukuwa na damu. Kidole kilitoa maji, maji mazito yanayong'aa, na mzee akakilamba na kuendelea kula.

Pascalia alimvuta nje kwa mkono. Mkono ulibonyea. Ulibonyea kama ndizi iliyokaa gunia siku nyingi, na alama za vidole vyake zikabaki pale pale.

"Baba. Huyo si Cornelius."

"Punguza sauti, atasikia."

"Angalia mkono wako! Unaoza ukiwa hai!"

"Ni uzee."

"Uzee haunuki hivi!"

"Pascalia," Makhanu akasema, na akatazama mlangoni kwa hofu, hofu ya mtu anayechelea mgeni wake asije akaondoka. "Amesafiri mbali. Usimtie haya mbele ya chakula."

*

Bwana Andati, meneja wa bustani, aliletewa habari za migomba na akaja mwenyewe kuitazama, tumbo mbele, kalamu tatu mfukoni. Pascalia alimwomba ikatwe na benchi ling'olewe.

"Kwa sababu gani?"

"Inanuka, sir."

"Miss, this is the countryside. Kila kitu kinanuka." Akaitazama mikungu, minene, ya njano, inayometa. "Wageni wanapenda vitu vya asili. Tutaweka kibao. Na wapewe ndizi, complimentary." Huyo ndiye mtu aliyekuwa na digrii. Kibao kikawekwa siku hiyo hiyo: MIGOMBA YA ASILI.

Kundi la kwanza kupewa lilikuwa la wake za maofisa. Mmoja, mnene, aliyevaa vitambaa vya gharama na glavu za kanisani, alimenya ndizi akaing'ata. Akatafuna. Akatafuna zaidi. Kisha akaacha, akaingiza vidole viwili kinywani, akavuta. Ulitoka unywele. Akaendelea kuvuta. Ulikuwa mrefu kama mkono, wa mvi, umejisokota, na ulikuwa haujaisha, ulitoka kooni huku mama wa watu akikoroma na machozi yakimtoka, na ulipofika mwisho ukaja na kipande cha ngozi ya kichwa.

Wengine wakavunja ndizi zao. Zote zilikuwa na nywele katikati, kama utambi katika mshumaa.

Pascalia aliuokota ule unywele kwenye nyasi. Aliujua. Jana yake aliuona umepakwa mafuta kichwani mwa babake.

*

Kukhu Khalayi, bibi wa ukoo, aliletwa na Pascalia kutoka Malinya Jumamosi mchana. Hakuwa mganga, na angekuchapa na fimbo ungemwita hivyo. Alikuwa Mkristo safi, mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Ila katika matanga ya ukoo wao ndiye aliyeshika wembe: siku ya tatu baada ya mazishi, wafiwa wanapoketi kunyolewa ili kifo kiishe, yeye ndiye aliyenyoa. Alikuwa amenyoa vichwa vya vijiji vitatu.

Mlangoni alisimama, akafunika pua kwa leso. "Nyasaye wanje, Mungu wangu," akasema. "Mmefuga nini humu?"

Makhanu alikuwa amelala kwenye mkeka. Wiki moja ilikuwa imemla. Mashavu yalikuwa yamelainika yakashuka, masikio yamekuwa mepesi mpaka mwanga ulipita, na kila alipogeuka mkeka ulilia kama kitambaa kinachokamuliwa. Kile kitu hakikuwepo, kilikuwa bustanini, lakini kiti chake kilikuwa na unyevu.

Khalayi hakumgusa. Alimtazama kichwa tu.

"Makhanu. Tulipozika lile shina, mimi nilikuja na wembe. Unakumbuka ulifanya nini?"

Mzee aligeukia ukuta, mkeka ukalia.

"Nyinyi wote mlinyolewa," Khalayi akamgeukia Pascalia. "Wewe nilikunyoa mimi, ukalia kwa sababu ulikuwa na shule Jumatatu. Babako alinyanyuka kwenye kigoda akaenda kufunga ng'ombe. Nikangoja mpaka jua likashuka. Hakurudi."

"Nilidhani aliapa tu," Pascalia akanong'ona. "Nilidhani ni huzuni."

"Huzuni hunyolewa. Huyu alimzika mtoto kwa mkono mmoja na kumngojea kwa mkono mwingine. Sasa sikiliza. Kaburi lisilo na mtu, lililoitwa jina, na mfiwa hajafunga mlango, hiyo ni nyumba tupu yenye taa. Utashangaa likiingia kitu? Waislamu wa Mumias hukiita jini. Sisi hatukukipa jina, tuliogopa kitaitika. Kinakula matumaini ya huyu mzee, na matumaini yakiisha kinakula mzee." Akatoa wembe kwenye kipande cha gazeti. "Mketishe."

Walimketisha nje, kwenye jua, akiwa hana nguvu za kukataa. Nywele za kwanza zilianguka. Zilipogusa ardhi zilivunda palepale, zikawa ute wa kahawia uliotoa mapovu. Na kwenye ua wa miiba, upande wa barabara, kile kitu kikaja kusimama.

Kilikuwa kimekonda. Kila shungi lilipoanguka ganda moja lilichanuka na kuning'inia. "Baba," kikasema. "Baba, baridi." Khalayi alinyoa huku akiimba wimbo wa kwaya kwa meno yaliyokazana. "Baba, mbona unanifungia?" Pascalia alimshika babake mabega na kutazama chini, kwa sababu ile sauti sasa ilikuwa imeacha matope, ilikuwa sauti yenyewe, ya kaka yake aliyembeba mgongoni kuvuka mto Isiukhu, na ilikuwa inalia. Nusu ya kichwa. Robo tatu. Mashavu ya mzee yakaanza kushika, alama za vidole mkononi mwake zikajaa, akavuta pumzi ya mtu mzima, na lilipobaki shungi moja tu nyuma ya sikio la kushoto, mkono wake ukapanda na kuushika mkono wa Khalayi.

"Bakisha hapo," akasema.

"Mzee, toa mkono."

"Bakisha hapo, mama."

"Baba, si yeye!" Pascalia akapiga kelele. "Baba, uso wake una mkunjo wa picha! Si yeye!"

Makhanu alimtazama kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Macho yake yalikuwa makavu na timamu kabisa.

"Najua si yeye," akasema. "Nilijua siku ya kwanza. Unadhani mimi ni mjinga? Lakini ananiita baba."

Khalayi aliufunga wembe kwenye gazeti. "Mimi sinyoi nusu ya mtu. Kunyoa nusu ni kumtukana aliyekufa. Mukhana, nimefika mwisho wangu. Hicho kishungi kikibaki, mpe wiki moja. Na mkimzika, mzike ndani ya ndoo, kwa sababu hamtapata cha kuweka kwenye sanduku."

Kwenye ua hakukuwa na mtu. Palikuwa na doa jeusi tu kwenye nyasi, likielekea bustanini. Walipogeuka, Makhanu alikuwa ameshavaa kofia na ameanza kulifuata.

*

Hakurudi usiku huo. Asubuhi ya Jumapili Pascalia alimkuta kwenye benchi la kumi na saba, amekaa, na hakubanduka, kwa sababu benchi lilikuwa limemshika. Alimvuta mpaka mkono wa koti ukararuka. Alimwita Bwana Andati; Bwana Andati akasema mzee huyo anapatia mahali hapo haiba, kisha akamkumbusha kwamba basi la walimu kutoka Lugari limefika na yeye hajavaa kofia.

Basi akavaa kofia. Akawapeleka ziwani, wakapiga makasia. Akawapeleka kwa kima, wakawatupia njugu. Akawazungusha kwenye treni, akawaonyesha muwa wa saruji, akatoa maelezo ya uzito wake kwa Kiingereza safi, na uwanjani fahali walikuwa wanagongana na watu wanashangilia, na jua lilikuwa linawaka, na kila mahali palikuwa kijani, kijani cha kupendeza, kijani cha kalenda, na alipoufikia mwisho wa kijia na kuiona ile migomba saba akajua kwamba ile wiki aliyopewa na Khalayi haipo tena.

Kile kitu hakikuwa kimejificha. Kilikuwa kimekaa kando ya babake, mkono umemzunguka, na maganda yalikuwa yameota juu ya mkono na bega la mzee kama plasta juu ya mfupa uliovunjika, yamekwisha kufika shingoni. Kofia ya mzee ilikuwa chini. Uso ule wa kijivu ulikuwa umeinama nyuma ya sikio la kushoto, na katika mdomo wake lilikuwamo lile shungi, na kilikuwa kinalinyonya, kinalinyonya kama mtoto anavyonyonya kipande cha muwa, kwa sauti, kwa raha, mate meusi yakichuruzika ndani ya kola ya babake, na kila kilipovuta, shavu la mzee liliingia ndani zaidi, na jicho lake moja, ambalo ndilo lililobaki na umbo, lilikuwa linatabasamu.

"Oh, how lovely," mwalimu mmoja akasema nyuma yake. "Ni mchezo wa kienyeji?"

Kitoroli cha mtunza bustani kilikuwa pale, na ndani yake mkasi mkubwa wa kukatia ua. Pascalia aliuchukua.

"Mukhana," Makhanu akasema. Midomo ilishikana ikaachana kwa shida. "Usifanye."

"Unakufa, baba."

"Nife. Nilikuomba msaada?"

"Hukuomba. Mimi ndiye ninayekuomba. Nimebaki mimi, baba. Tafadhali, niangalie mimi."

Hakumwangalia. Jicho liligeuka upande wa pili, kwenye ule uso. Na ule uso, bila kuliachia shungi, ukamtazama Pascalia na kusema kwa sauti ya Cornelius, "Dada, tuache."

Alikata.

Mkasi ulilia mara moja. Ule uso ukabaki na nywele mdomoni, ukashangaa, kisha ukafanya kile ambacho picha hufanya ikilowa: ukajikunja kwenye ule mstari wake, jicho likaenda kulala juu ya taya. Maganda yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, yakiachia bega la mzee kwa sauti ya kubanduka kwa plasta, na ndani ya ganda kulikuwa na ganda, na ndani ya ganda kulikuwa na ganda, na mwisho kabisa, pale ambapo mtu angewekewa moyo, kulikuwa na shati lililooza na kila kitu alichokuwa amelishwa, matonge yote, mapaja yote, firigisi, vimekaa vizima, vyeupe, vinachezacheza kwa mabuu. Yote yakamwagika juu ya magoti ya Makhanu. Migomba saba ikalala chini kwa pamoja kama watu waliosikia risasi.

Na Makhanu akalia.

Hakulia kama mgonjwa. Alilia kama baba anavyolia mbele ya kaburi, kile kilio cha kusimama, mikono kichwani, kilio alichokuwa amekibana miaka kumi. "Cornelius! Cornelius mwana wanje! Cornelius wanje, umekufa!" Sauti ilizunguka ziwa, kima wakanyamaza, na uwanjani watu wakageuka.

Walimu wakapiga makofi. Mmoja alipiga picha mbili. "Very cultural," akasema, "lakini ile harufu wangeipunguza." Bwana Andati alikuja mbio, akaitazama migomba iliyolala na kile kinyaa, akatapika juu ya kibao chake, na alipomaliza kujipangusa akamwambia Pascalia kwamba barua ya kufutwa kazi ataikuta kwa Chemutai.

Pascalia alimpeleka babake kwenye bomba nyuma ya ofisi ya tikiti, akamvua shati, akamwosha kwa sabuni ya Chemutai, kichwa, shingo, mikono. Nyama ilikuwa ngumu tena. Kidole kisicho na ukucha kilikuwa kinatoa damu, damu nyekundu ya kawaida, na alipoiona ndipo naye akalia, kidogo, akiwa ameinama ili maji yasikie peke yake. Alimvika sweta lake la sare, kwa vile halikuwa lake tena. Mzee hakuweza kusimama vizuri. Aliutupa uzito wake wote juu ya bega la binti yake, akaushika mkono wake kwa vidole vyote vitano.

"Sasa sina mtoto," akasema.

Pascalia alimzungushia mkono kiunoni, akamkaza vizuri wasije wakaanguka wote wawili, wakaanza kutembea kuelekea barabarani.